Picha Iliyoangalia Ukuta

Vijana wa ofisi ya maonyesho, mmeniomba niandike jinsi kazi yetu inavyofanywa, kwa kuwa mimi nimestaafu na funguo za stoo mnazo ninyi. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza ila kwenye mlango uliopakwa rangi. Kazi zetu mnazijua: maonyesho, mazungumzo ya Ijumaa, na wahitimu wa zamani. Kati ya hizo tatu, picha ndizo zenye adabu zaidi. Ukizipanga, zinakaa.

Kabla ya kuja chuoni Mbarara nilikuwa Rubondo, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nashona nguo za shule na vitambaa vya madhabahu. Chuo kilikuja kufanya maonyesho katika darasa la shule ya msingi, jua likawa linazichoma picha kupitia madirishani, wakatafuta mtu wa kushona mapazia. Fundi wao, Mzee Tumwine, alivuta pazia langu kwa nguvu, akaona halichaniki, akaniuliza kama naogopa ngazi. Nikasema siogopi. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Asubuhi yangu ya kwanza aliniambia nitoe turubai zote stoo nizipeleke ukumbini. Turubai nilizozijua mimi ni zile za Kabazana, tulipopokelewa tukitoka Kongo, tukalala chini yake familia na familia tukingoja kupewa kiwanja. Nikamuuliza wageni wangapi watalala.

Mzee Tumwine alivuta turubai moja, akanionyesha. "Hii turubai ya kuchora, nyabo. Hapana ya kulala," akasema. "Lakini mukubwa akianza kuhutubia, watu nalala."

Mzee huyo alikuwa askari zamani, na Kiswahili chake alikipata jeshini, kwa hiyo kila neno lake lilitoka kama amri, hata akikukaribisha chai. Alikuwa na nyundo moja ndogo na pima maji ya mbao ambayo hakumwazima mtu. Kwake nilijifunza kufunga kila fremu kwa waya kwenye sehemu mbili, kwani ikishikwa sehemu moja itainama wewe ukiwa umegeuka tu. Nilijifunza kuegemeza picha chini mahali pake siku nzima kabla ya kutoboa ukuta. Alisema picha inahitaji kuzoea chumba. Mimi nadhani yeye alihitaji kunywa chai, lakini nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijawahi kutoboa tundu la bure.

Kuhusu mazungumzo ya Ijumaa nina machache. Msemaji aliyefanikiwa, mwekeeni saa kubwa ya ukutani mbele yake. Anayetafuta kazi atamaliza mwenyewe kabla ya chai. Swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji halitakuwa swali, vumilieni. Na wahitimu wa zamani msiwatafute mbali. Sisi tulidhani wametawanyika hadi Ulaya, kumbe wengi walikuwa ng'ambo ya barabara, wanachora mabango ya saluni na kadi za harusi. Mmoja tulimpata Ngarama anatengeneza majeneza. Alikuja kuzungumza, na ndiye msemaji pekee niliyemsikia akisema hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi.

Sasa niwaambie habari ya ile picha kubwa mliyokuwa mkiiona stoo imegeuzwa ukutani. Mlikuwa mkiniuliza, nami nawajibu, "Iacheni." Haikuwa jibu, najua.

Ilichorwa na Neema alipokuwa mwaka wa mwisho. Neema ni Mkongo wa Kivu Kusini kama mimi. Wazazi wake walikuwa wanalima Rubondo. Kwa mtihani wake wa kumaliza alichora kwa rangi ya mafuta fundi baiskeli wa soko la Rubondo, Mrundi aliyeitwa Nestor. Alimchora ameshika gurudumu, kichwa ameinua, kama mtu aliyesikia anaitwa. Shati lilikuwa la njano lenye maua ya buluu. Nimetundika nyuso nyingi na nyingi nimezisahau nikiwa bado kwenye ngazi. Hiyo nilipoitundika niliteremka, nikarudi nyuma, na nikajikuta namwamkia.

Kamati ya matangazo nayo iliipenda. Ikaitia kwenye bango la maonyesho, na mabango yakabandikwa Mbarara nzima: paki ya mabasi, ukuta wa soko, karibu na posta.

Siku chache kabla ya ufunguzi, asubuhi, mlinzi alikuja kuniambia kuna mtu getini anataka kuingia lakini hataki kuandikisha jina. Nikatoka. Nilimkuta mwanaume wa makamo, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, ameligeuzia mgongo bango letu. Nikamtambua.

"Karibu, baba," nikasema.

"Asante, mama. Nimekuja kuchukua sura yangu."

Nikamuuliza kama Neema alimchora bila kumwomba.

"Mtoto aliniomba vizuri," Nestor akasema. "Aliniambia ni ya masomo. Mimi nikajua mwalimu ataangalia, ataweka pointi, basi. Jana nimeshuka hapa Mbarara kununua spea za velo, nikajikuta niko ku ukuta. Niko ku kila ukuta, mama."

"Unaogopa watakucheka?"

"Wakicheka ni sawa." Aliangalia barabara, huku na huku. "Kuna watu walikuja kunitafuta kule kwetu. Hawakunipata. Wakapata kaka yangu. Na wao wanapanda mabasi kama watu wengine. Miaka hii yote sijakubali foto, hata siku ya harusi yangu."

Sikuuliza zaidi. Sisi tuliopita Kabazana tunajua mahali pa kuishia kuuliza. Nilimwingiza stoo, kwa sababu ndicho chumba kisicho na dirisha, nikampa chai, nikamwita Neema.

Neema alikuja na rangi mikononi. Alipoelezwa, alikaa chini kwenye sakafu.

"Papa Nestor, unisamehe," akasema. "Batu ba matangazo banichukulia foto ya ile kazi, nikafurahi. Niliwaza ni heshima."

"Ni heshima kabisa," Nestor akamjibu, bila hasira. "Lakini itaniua."

Mzee Tumwine alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda akarudi na ngazi, ndoo ya maji, brashi na visu vya kukwangulia rangi, akanipa kimoja, akampa Neema kimoja. Tukamwacha Nestor stoo, tukaingia mjini.

Gundi ya mabango, kama hamjui, ukiilowesha na kungoja kidogo inatoka vizuri. Ukiwa na haraka inatoka nusu, inaacha jicho. Tulikuwa na haraka. Pale ukuta wa soko tuliacha jicho moja na kipande cha sikio, Neema akarudi kulikwangua hadi plasta ikaanguka. Watu walisimama kutuangalia. Mama mmoja muuza ndizi alituuliza kama yule mtu ni mwizi. Neema akamwambia hapana, ni fundi wa velo. Mama akasema basi kuna velo ameiharibu.

Paki ya mabasi tulikutwa na polisi.

"Nyinyi nafanya nini hapo?" akauliza.

"Tunatoa karatasi, afande," nikajibu.

"Nani naruhusu nyinyi kutoa?"

Mzee Tumwine alishuka kwenye ngazi, akasimama wima kama yuko gwaride. "Afande, hii karatasi nilibandika mimi. Bila ruhusa."

Polisi alifikiri. "Kubandika bila ruhusa ni makosa."

"Ndiyo, afande. Ndiyo sababu natoa."

Polisi akatuamuru tufanye haraka, kisha akatushikia ngazi.

Mchana ukuta wa mwisho ulikuwa safi. Yale yaliyokuwa kwenye simu za watu hatukuweza kuyakwangua. Mkuu wa chuo wa wakati huo aliyaondoa yale ya kwenye kurasa za chuo mtandaoni mara tu tulipomweleza, na namshukuru kwa hilo. Picha yenyewe ilikuwa shauri jingine. Kanuni ya mtihani ilisema kazi isiyotundikwa haipewi alama. Mtahini alikuwa anatoka Kampala. Na mgeni rasmi alikuwa ameliona bango, akasema anakuja kumwona yule mtu wa baiskeli.

Mkuu alikunja uso, akaniambia kwa Kiingereza, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Mama Riziki, kanuni zinasema kazi itundikwe. Zaidi ya hapo hazisemi kitu."

Nikampelekea Neema maneno hayo jinsi yalivyo. Alikuwa amekaa na Nestor pale stoo. Aliyasikiliza, akainuka.

"Basi ibaki imetundikwa," akasema. "Lakini iangalie ukuta."

"Na mtihani wako?" nikamuuliza. Nilijua baba yake alivyouza mazao, mwaka baada ya mwaka, ili amsomeshe.

"Mwaka nitaurudia, mama. Mutu harudiwi."

Nestor alimtazama, akavua kofia, akairudisha kichwani. Akaondoka kwenda Rubondo kwa njia ya nyuma.

Ikiwa siku moja mtatakiwa kutundika picha imegeuka, waya unafungwa upande wa mbele, kwenye ukingo wa fremu. Rangi isiguse ukuta. Wekeni vipande vya kandambili kwenye pembe nne. Mzee Tumwine alitoa kandambili zake mwenyewe, akapima kwa pima maji kama kawaida. Nilimuuliza kwa nini anahangaika kunyoosha kitu ambacho watu wataona mgongo tu. Akanijibu kwamba mgongo nao unyooke.

Siku ya ufunguzi wageni waliona mbao mbili zilizopishana, kitambaa cha kahawia, na doa la chai. Neema alisimama kando ya picha tangu asubuhi, mikono nyuma. Bwana mmoja mwenye suti alisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu, akasema ni kazi ya ujasiri, akauliza kama inauzwa. Mgeni rasmi alizunguka ukumbi wote, kisha akamuuliza Mkuu yule mtu wa kwenye bango yuko wapi. Mkuu akasema, bila kupepesa jicho, "Amepata udhuru." Mgeni rasmi akasema apelekewe salamu.

Mtahini alikuwa mama mmoja mnene, mpole, wa maneno machache. Alimuuliza Neema hiki ni nini.

"Ni picha ya mtu asiyetaka kuonekana," Neema akamjibu.

"Nami nitawekaje alama kwenye kitu nisichokiona?"

Neema akasema hajui.

Mtahini akanigeukia, akaniuliza huyo mtu yuko wapi. Nikaangalia chini. Nestor alikuwa stoo. Alikuwa amekuja asubuhi hiyo kuona kama tumetimiza ahadi, akachungulia ukumbini kabla ya wageni kuingia, akaona mgongo wa picha, akarudi kukaa na ndoo na brashi. Nikasema nitauliza. Mtahini akasema hapana, atauliza mwenyewe, akanifuata hadi stoo. Kiswahili hakujua, kwa hiyo nilimtafsiria. Aliomba ruhusa ya kumwangalia. Alitumia neno la heshima ambalo kwao huambiwa mzee wa familia.

Nestor alinisikiliza hadi mwisho. "Mwambie aangalie," akasema. "Wageni wakitoka. Yeye peke yake. Na simu yake aishike huyu mzee."

Mzee Tumwine aliipokea ile simu kama anampokonya mateka bunduki. Wageni walipotoka tukafunga ukumbi, tukaigeuza picha. Mtahini alikaa kwenye kiti na hakuandika kitu. Nestor naye alisogea. Picha hiyo alikuwa hajaiona ilipokamilika, aliona bango tu, tena kwa kukimbia.

"Mimi nimechoka hivi?" akauliza.

"Siku ile ulikuwa umetengeneza velo tatu, papa," Neema akasema.

"Ine," akasema Nestor, akionyesha vidole vinne.

Alibaki pale. Alinyoosha kidole karibu na lile gurudumu, akasema spoki moja imelegea. Neema akamwambia ililegea kweli. Wakacheka wote wawili, na ndipo Neema alipoanza kulia. Mtahini akajifanya anatafuta kalamu.

Neema alifaulu. Alama zake zimo kwenye mafaili, mimi sizikumbuki. Tulipomuuliza Nestor afanyiwe nini kuhusu picha, alisema isichanwe na isifutwe. "Nyumbani siwezi kuiweka. Ikae hapa, iangalie ukuta." Neema akaniachia mimi.

Neema alirudi Rubondo kufundisha kuchora katika shule ya msingi, na ndiye anayekusanya wahitimu wetu wa Nakivale. Kila mwaka tulikuwa tunapeleka maonyesho kule kwa lori, mnajua lile vumbi. Kila mwaka Nestor alikuja kutusaidia kushusha mizigo, na kabla ya kuondoka ananiuliza, "Anaendeleaje?"

"Anaangalia ukuta," namwambia.

"Vizuri."

Mzee Tumwine alistaafu akarudi kwa ng'ombe wake. Alikuja siku za wahitimu kutuambia tunapotundika vibaya. Na kila uhesabuji wa stoo alitokea mtu akisema ile turubai kubwa ingefaa ipakwe nyeupe itumike tena. Nilisema iacheni.

Miezi yangu ya mwisho kazini, Neema alinipigia simu. Nestor amefariki. Alikuwa na ugonjwa wa figo. Alifia kitandani mwake, mke na watoto wakiwa naye. Nasema hivyo ili mjue kwamba hakuna aliyempata.

Wiki iliyofuata alikuja chuoni mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akasema anaitwa Clarisse, binti wa Nestor.

"Mama, hatuna foto yake hata moja," akaniambia. "Ku misa tuliweka kofia juu ya sanduku. Watoto wangu wanauliza babu alikuwa namna gani, nawaambia alikuwa na kofia."

Picha ilikuwa mali ya Neema, na Neema alikuwa ameshasema ichukuliwe. Nikaifunga kwa blanketi, ikapanda lori pamoja na maonyesho ya mwaka huo.

Nyumbani kwa Nestor, Rubondo, walikuwa wamekaa majirani wachache, na mjane wake katikati. Neema na mimi tuliiingiza picha, tukaiegemeza, tukatoa blanketi. Mjane alisogea hadi karibu kabisa, akatazama uso, akatazama mikono, akarudi kwenye uso. Kisha akashika kitambaa pale lilipo shati.

"Shati hii," akasema. "Aliniambia imeibiwa ku kamba."

Neema aliniangalia. Wote wawili tulielewa ni shati lile lile la kwenye mabango, na kwamba Nestor alilitupa siku ile ile aliyoyaona mabango. Neema akamweleza polepole.

Mjane akaketi. "Miaka yote nimemchukia jirani bure," akasema.

Jirani mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango. "Nilikuwa najiuliza," akasema. Mjane akamsogezea bakuli la njugu.

Ukuta wa udongo haushiki msumari wa picha nzito. Teremsheni waya kutoka kwenye boriti. Nilipanda kwenye kiti, nikapima, nikarekebisha. Mjane alitaka awe mbele ya mlango, anayeingia amwone kwanza. Nikauliza kama ana uhakika. Akasema miaka aliyoishi na mtu wa kukaa kona ya giza inamtosha.

Vibandiko vya majina huwa navyo mfukoni siku zote. Nikatoa kimoja na kalamu. "Niandike Nestor?" nikauliza.

Mjane alimwangalia binti yake. "Hapana," akasema. "Hilo alilichukua huku."

Kisha akalitaja jina la mume wake lote, la baba yake na la ubatizo, kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Hapa siliandiki. Liko ukutani kule Rubondo. Anayetaka kulijua aende akabishe hodi. Niliandika kwa herufi kubwa, nikabandika chini ya fremu. Mjane aliinama akasoma. Akaniambia nimekosea herufi moja.

Nikaandika kingine.